Dumu Linaloelea na Kamba Usiyoiona

Swali: Shikamoo Nahodha. Nina boti ya faiba ya futi 19 yenye mashine moja ya nguvu farasi 60. Naitumia kwa matembezi tu na familia. Wiki tatu zilizopita tulikuwa tunarudi Kunduchi kutoka kisiwa cha Mbudya, kama saa kumi na moja na nusu jioni, mashine ikazima ghafla. Kumbe propela imekamata kamba ya dumu ambalo wavuvi wanalitumia kama boya la mtego. Boti ikageuka, tezi, yaani sehemu ya nyuma, ikaelekea mawimbi, maji yakaanza kuingia kwa nyuma na watoto wanalia. Nikakata kamba kwa kisu, nikawasha, tukaondoka. Juzi mvuvi mmoja amekuja kunitafuta, anasema nimempotezea madema mawili, ile mitego yake ya samaki, na anataka nimlipe. Mimi naona yeye ndiye wa kunilipa, maana dumu lenyewe lilikuwa la samawati, nusu limezama, halina bendera wala taa. Nani mwenye kosa? Na nifanyeje yasinikute tena? Nina nia ya kwenda Unguja kwa boti hiyo hiyo, itakuwa mara yangu ya kwanza.

Jibu: Marahaba mwanangu. Nashukuru umeniandikia wewe mwenyewe, maana boti ya futi 19 iliyoshikwa kwa tezi jioni yenye mawimbi haichukui muda mrefu kujaa. Nianze na lile unalopenda kulisikia, kisha nitaingia kwenye usilolipenda.

Kukata kamba ulifanya sawa. Boti yako imeundwa ipokee wimbi kwa omo, yaani mbele. Huko mbele ubao umeinuka na una ncha ya kupasua maji. Nyuma kumekatwa chini ili mashine ikae, na hapo ndipo palipo na uzito wote: mashine, tangi la mafuta, betri, na mara nyingi watu wazima wawili waliokimbilia kutazama kumetokea nini. Dema lina mawe ndani ili litulie chini. Kamba yake ikijizungusha kwenye propela, umetiwa nanga kwa nyuma bila kupenda. Wimbi likija, boti inataka kupanda nalo na kamba inaivuta chini, kwa hiyo maji yanapita juu ya tezi. La kwanza linalowesha miguu, la pili linatuama, na yale yaliyotuama yanaizamisha tezi zaidi ili la tatu liingie kwa urahisi. Ukiwa na watoto ndani, unakata. Mvuvi yeyote mwenye akili atakwambia hivyo hivyo, hata huyo anayekudai.

Kosa lako lilikuja baada ya hapo. Mashine iliwaka, mkaondoka, mkafika, na wiki tatu zikapita pasipo wewe kushuka dikoni, wavuvi wanakotua, kuuliza dumu la samawati ni la nani. Dema lisilo na boya halikupotea siku ile. Lilikuwa palepale chini, na siku iliyofuata mzamiaji mmoja angeliona, au wangelinasa kwa kutambaza nanga ndogo kwenye mchanga. Ulikuwa na simu mfukoni. Kubonyeza kitufe cha kuhifadhi mahali ulipo kungekuchukua sekunde kumi. Sasa maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa sana, yamepita hapo, dema limesogea au limefunikwa, na pengine linaendelea kuua samaki ambao hawatauzwa na mtu.

Sasa sheria, kwa kuwa umeuliza kosa ni la nani. Baharini tunaongozwa na Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano za mwaka 1972. Kanuni ya 5 inamtaka kila nahodha awe macho muda wote, kwa kuona na kwa kusikia. Haisemi awe macho kwa vitu vyenye rangi nzuri tu. Kanuni ya 18 inavitaka vyombo vya mashine na vya tanga vikipishe chombo kinachovua kwa nyavu, mishipi au zana nyingine zinazokizuia kugeuka kwa urahisi. Kwa upande wa pili, Kanuni ya 9 inawakataza wavuvi kumzuia mtu anayepita katika mlango mwembamba au njia ya vyombo. Kwa hiyo mtu anayetega katikati ya lango la bandari ana kesi ya kujibu. Lakini kati ya Mbudya na Kunduchi hapana lango. Na wavuvi walikuwapo kabla boti za matembezi hazijafika.

Hapo utaniambia: kanuni hizo zinazungumzia vyombo, na dumu si chombo. Kweli kabisa, na ndiyo sababu sikushauri kwenda mahakamani kwa kamba na madema mawili. Nenda kwa BMU ya diko lake, ile kamati ya wavuvi wenyewe ya kusimamia rasilimali. Hapo jambo litakwisha kwa saa moja. Ningekuwa mimi mwamuzi ningesema hivi: subirini maji mafu, mkondo ukiwa dhaifu, umchukue mvuvi kwenye boti yako, mafuta juu yako, mkatafute. Madema yakipatikana, umpe kamba mpya na boya zuri. Yasipopatikana, mgawane gharama nusu kwa nusu, kwa sababu wewe hukuona na yeye hakuonyesha. Usipeleke madai ya propela yako. Utakuja kuomba msaada wa mtu huyo siku moja saa mbili usiku, mashine imekufa, na yeye ndiye atakayekuwa karibu kuliko askari wa majini yeyote.

Sasa uelewe kwa nini dumu lilikuwa vile, maana usipoelewa utaendelea kuyapitia. Watu wengi wa boti za matembezi wanadhani wavuvi ni wazembe. Mjomba wangu alivua dema maisha yake yote na hakuwahi kuweka boya lolote. Alikuwa akipanga mnazi mmoja na paa la msikiti, kisha kichwa cha kisiwa na mti mwingine, na pale mistari miwili inapokutana ndipo dema lilipo. Akifika anazama, anafunga kamba, linavutwa. Nilipomuuliza kwa nini asiweke kitu kinachoelea alicheka. Boya linaloonekana na wewe linaonekana na mwizi pia. Dema lililojaa changu na tasi likivuliwa alfajiri na mtu mwingine, mwenyewe anafika saa mbili anakuta maji. Hivyo ukiona chupa ya maji ya lita moja na nusu imefungwa kwa kamba, isiyo na rangi, isiyoonekana hata kwa mita ishirini, usidhani ni umaskini tu. Wakati mwingine imechaguliwa makusudi.

Umaskini nao upo. Boya la dukani lina bei, dumu la mafuta ya kula ni la bure. Shida ya dumu ni jua. Baada ya miezi kadhaa plastiki inapauka na kupasuka shingoni au kwenye mshikio, maji yanaingia kidogo kidogo, na dumu linabaki linaelea kwa nusu inchi. Hapo halionekani na hewa iliyobaki haitoshi kuinua kamba. Ulilolikuta wewe lilikuwa limefika umri huo.

Lakini dumu lenyewe si hatari kubwa. Ukiligonga litapiga ubao na kurudi nyuma. Hatari ni kamba, na hapa ningependa usome polepole, maana ndilo jambo ambalo watu wa mwendo kasi hawalijui. Pwani yetu ya Dar es Salaam maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Mvuvi anayetega kwenye kina cha mita kumi hana budi kuchagua. Akifunga kamba fupi, inayotosha maji yakiwa yamepwa, basi yakijaa dumu linavutwa chini na linatoweka. Mkondo ukiwa mkali linalala chini ya maji hata kabla hayajajaa, na utaliona tu wakati maji yamesimama. Ndiyo maana unaweza kupita mahali asubuhi pasiwe na kitu, ukirudi mchana ukute madumu sita, ukaapa kwamba yamewekwa muda huo. Yalikuwapo, yalikuwa yamezama.

Akifunga kamba ndefu, maji yakipwa kamba inabaki na ziada ya mita tatu au nne. Ziada hiyo inakwenda wapi? Inategemea kamba. Nailoni huzama. Ile kamba ngumu ya plastiki ambayo madukani tunaiita manila ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo inaelea. Na kwa kuwa ni ya bei nafuu, wavuvi wengi wanatumia hiyo. Kwa hiyo maji yaliyopwa na kusimama ndiyo wakati mbaya kuliko wote: kamba inatanda juu ya maji kama nyoka aliyejinyoosha, mita kadhaa upande wowote wa dumu, na wewe umelikwepa dumu kwa mita mbili ukidhani umepona.

Mkondo ukitembea, mambo yanasomeka. Dumu linavutwa kufuata mkondo, na kamba inatoka chini yake kurudi kule mkondo unakotoka, ikishuka kwa mshazari hadi kwenye dema. Litazame dumu: upande wenye kijiwimbi kinachogawanyika ndiko mkondo unakotoka na ndiko kamba iliko. Pita upande wa pili, ule ambao maji yanakwendea, na upite mbali. Ukipita upande mkondo unakotoka na mashine ikazima kwa sababu nyingine yoyote, maji yatakusukuma moja kwa moja hadi kwenye kamba. Ukipita upande yanakokwenda, yanakuondoa. Tahadhari moja tu: wengine hufunga boya dogo la pili nyuma ya lile kubwa, la kushikia wakati wa kuvuta, na kati yake kuna kamba inayoelea. Ukiona viwili vimekaa karibu, usipite katikati hata kama nafasi inatosha meli.

Nyavu ni habari nyingine. Dema ni nukta, jarife, ule wavu mrefu wa kutega, ni ukuta. Ukiona boya moja lenye bendera ya mfuko wa plastiki juu ya ufito, usifurahi kwamba umeliona. Uliza lingine liko wapi. Jarife linaweza kunyooka mamia ya mita, na kama limetegwa chini kidogo ya uso wa maji hutaona vielea vya katikati, utaona ncha mbili tu, au ncha moja na ngalawa. Ukimkuta mvuvi amekaa tu ndani ya ngalawa bila kufanya kitu, usidhani amepumzika. Ana nyavu majini, na mara nyingi ngalawa yenyewe imefungwa kwenye ncha moja. Punguza mwendo, sogea hadi sauti ifike, msalimie, umuulize: “Nyavu zinaelekea wapi?” Atanyoosha mkono. Zungukia ncha aliyokuonyesha au pita nyuma ya mgongo wake. Nimeona watu wenye boti za mamilioni wanaona aibu kuuliza swali hilo, kisha wanakaa saa tatu wakichambua nyuzi kwenye propela.

Turudi kwenye siku yako. Umesema saa kumi na moja na nusu jioni, kutoka Mbudya kwenda Kunduchi. Kunduchi iko magharibi ya Mbudya. Ulikuwa unaendesha uso kwa uso na jua linalozama, na njia yote mbele yako ilikuwa inamemetuka kama bati jipya. Hata dumu la rangi ya chungwa lingekuwa doa jeusi kati ya madoa meusi elfu. Ndiyo safari ya kawaida ya wikiendi: watu wanakwenda visiwani asubuhi na jua usoni, wanarudi jioni na jua usoni. Rudi saa tisa. Kama umechelewa, usiende moja kwa moja. Chukua mshazari ili jua likae begani, kisha geuka, mwendo wa nyoka. Miwani ya jua ya polaroidi inasaidia kuliko watu wanavyoamini, kwa sababu inaondoa mng'ao wa juu ya maji na kukuonyesha kamba iliyo chini kidogo. Na mtoto wako mkubwa mkalishe mbele kidogo, akiwa amevaa jaketi la kujiokolea na ameshikilia, umpe kazi ya kuhesabu maboya. Watoto wana macho makali na wanapenda kushindana.

Kuhusu mwendo, fanya hesabu hii. Noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa, ni kama mita 10 kwa sekunde. Chupa unaiona, bahati ikiwa njema, kwa mita 50. Una sekunde 5 za kuona, kuamini, kuamua na kugeuza, na wakati wimbi la mita moja likiwa mbele yako chupa inajificha nusu ya muda huo. Ukiwa noti 6 una sekunde kumi na sita. Sisemi utembee noti 6 hadi Unguja. Nasema ukikaribia miamba, kingo za visiwa na mafungu ya mchanga, ambako ndiko madema hutegwa, punguza. Kwenye kina kirefu kilicho wazi unaweza kufungua.

Ikikutokea tena, na baharini hutokea hata kwa waangalifu, mambo ya kwanza ni haya na yafuatane hivi. Toa gia, zima mashine, chomoa ile kamba nyekundu ya kuzimia uivae shingoni. Wengi wanajaribu kwanza kuipiga mashine nguvu, au gia ya nyuma, wakidhani kamba itajifungua. Inajikaza. Mizunguko mitatu inakuwa kumi na mitano, na joto la msuguano linaiyeyusha plastiki hadi inakuwa kipande kimoja na shafti. Pili, watu wote waende omo, hata wakikaa chini kwenye sakafu, ili tezi iinuke. Wavae majaketi sasa hivi kama walikuwa wameyakalia. Yeyote asiruke majini.

Halafu angalia kama umeshikwa au umeburuta. Kama boti inaelea huru na maji na kamba imelegea, huna haraka: inua mashine, ukae chini, zungusha propela kwa mkono kinyume na ilivyokuwa ikizunguka, na kamba itatoka vizuri. Kama umeshikwa na tezi inapigwa, shida yako ya kwanza si propela, ni mahali uliposhikwa. Chukua kamba yako ya nanga kutoka omo, uipitishe nje ya boti hadi nyuma, uifunge kwenye kamba ya mvuvi, chini ya pale inapoingia kwenye propela, yaani upande unaokwenda kwenye dema. Kisha kata kati ya fundo lako na propela. Boti itageuka yenyewe, omo itaelekea mawimbi, na dema la mvuvi sasa limekuwa nanga yako. Watu watatulia, maji yataacha kuingia, na unaweza kusafisha propela taratibu. Ukimaliza, unga kamba yake kwa fundo zuri, rudisha dumu, hifadhi mahali kwenye GPS, uende dikoni useme. Gharama yake ni fundo.

Nakiri kwamba hilo linahitaji mikono miwili tulivu na wimbi lisilo kali. Likiwa kali, kata kama ulivyokata, kabla ya kuwaza lolote. Kwa hiyo kisu kiwe cha meno, kiwe nyuma, kiwe kimefungwa mahali unapokifikia ukiwa umekaa. Cha jikoni kilichomo ndani ya kikapu cha pilau si kisu cha boti. Mimi nina msumeno mdogo wa kupogolea miti niliofunga kwenye mpini wa ufagio. Unafika chini ya propela bila mtu kuingia majini, na unakata manila kuliko kisu chochote.

Kuingia majini kuwe hatua ya mwisho, na kwenye utulivu tu. Boti inayopanda na kushuka ina uzito wa kumpasua mtu kichwa. Anayeingia afungwe kamba, mashine imezimwa na kamba ya kuzimia iko mkononi mwake mwenyewe wala haikuachwa na shemeji kwenye usukani, na mtu mmoja asimame akimtazama yeye tu. Kama kilichokamata ni wavu na si kamba, asiingie mtu. Wavu unamshika mtu kama unavyoshika samaki.

Wenye mashua za tanga zenye mashine ya ndani nina neno fupi kwao. Shafti yenu haiinuki, kwa hiyo kamba ikikaza inaweza kuvuta shafti na kuharibu sili inayozuia maji kuingia. Kagueni ngama, kule chini ndani ya chombo maji yanakokusanyika, mara moja, hata kabla ya kutafuta kisu. Na kama upepo upo, mashine ikizimwa na gia ikitolewa, mashua yenye mkuku, ule mti wa chini kabisa wa chombo, uliolala vizuri hupita juu ya kamba nyingi bila kunasa. Usukani ulioning'inia peke yake ndio unaodaka.

Safari ya Unguja. Kutoka bandari ya Dar es Salaam ni takriban maili 40 za baharini, na kwa boti ya futi 19 yenye mashine moja sikupi baraka zangu mpaka upate mwenzako wa kufuatana naye kwa boti nyingine. Chagua tanga mbili, pale Oktoba kuelekea Novemba kusi inapochoka na kaskazi haijakaza. Ondoka alfajiri baada ya kupambazuka, usiondoke gizani. Usiku wa giza la mwezi ndio usiku wa dagaa, na utakuta taa za wavuvi zimeenea mlangoni kati ya Unguja na bara kama mji. Kila taa ina wavu unaozungushwa karibu yake, na boti ya taa na boti ya wavu ni vyombo viwili vilivyoungana kwa kitu usichokiona. Sheria inataka chombo kinachovua kwa zana zisizo za kukokota kiwashe taa nyekundu juu ya nyeupe, na kama zana zimeenea zaidi ya mita 150 kiongeze taa nyeupe upande zilipo. Ukisubiri kuona hizo kwenye ngalawa utasubiri sana. Utakachoona ni tochi inawashwa na kuzimwa kwa haraka ikikuelekea. Mara nyingi maana yake ni: simama, unaingia kwenye nyavu zangu. Toa gia kwanza, ndipo utafakari.

Ukifika upande wa Unguja na ukataka kuzunguka mashariki, Paje na Jambiani, kumbuka kuna mashamba ya mwani. Ni vigingi na kamba kwenye maji ya kina kifupi, yakijaa hayaonekani, na ni jasho la akina mama. Pita kwenye mlango wa mwamba na mtu wa pale, au usiingie.

Ukikutana na mvuvi wako, hilo boya jipya mtengeneze pamoja, ndiyo faida utakayoipata kutoka kwenye ugomvi huu. Chukua ufito wa mwanzi wa kama mita mbili, upitishe katikati ya dumu la njano au jeupe lililojazwa vipande vya ile sponji nyeupe ya kufungashia friji na televisheni, ili hata likipasuka lisizame. Chini ya mwanzi funga chupa iliyojazwa saruji lisimame wima. Juu funga kitambaa cha rangi ya chungwa, na chini ya kitambaa zungushia ile stika ya kung'aa wanayobandika nyuma ya malori. Tochi ikiigusa usiku inawaka kutoka mbali. Kamba ya juu, mita nne za mwanzo, iwe nailoni inayozama. Kama hana, afunge risasi ya wavu kwenye manila mita mbili chini ya dumu, izamishe ile ziada. Aandike namba ya chombo chake kwenye dumu kwa rangi. Akisema mwizi ataona, mwambie mwizi naye ataona namba, na mtu akilikata atajua pa kwenda kuomba radhi.

Hili silitungi mimi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lina miongozo ya hiari ya kuweka alama kwenye zana za uvuvi iliyopitishwa mwaka 2018, na shabaha yake ni hizo hizo: zana ijulikane ni ya nani, ionekane iko wapi, isipotee baharini. Uingereza wenye mashua za matembezi wamelalamika kwa miaka mingi kuhusu maboya ya mitego ya kaa na kambakochi yaliyotengenezwa kwa makopo, na mwaka 2020 Uskoti ikatoa amri kwamba boya la mtego liwe na namba ya usajili ya chombo. Ila nakuambia, huko kwao walipigizana kelele kwa barua. Wewe mtu wako anakaa dakika kumi kutoka nyumbani kwako.

Jambo la mwisho, ulifanye leo kabla ya lolote. Uliwasha mashine ukaondoka. Sina hakika kama uliitoa propela baadaye kutazama nyuma yake. Kamba nene hukatika na kuonekana, lakini kwenye kamba za wavuvi mara nyingi kuna mshipi mwembamba wa nailoni uliojisokota pamoja nayo, na huo hujificha kati ya propela na giaboksi, unakula sili taratibu kila unapotembea. Fungua nati, toa propela, usafishe shafti. Kisha legeza skrubu ya chini ya giaboksi, uache oili kidogo itiririke kwenye kiganja. Ikiwa nyeusi au kahawia iliyo wazi, funga, uko salama. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji ya bahari yameshaingia, na mashine hiyo haiendi Mbudya wala Unguja hadi sili zibadilishwe.